Mama Nyongeza na Kipimo cha Wasiwasi

Sokoni kwao, ukimuulizia kwa jina lake la kuzaliwa utazunguka mpaka soli za viatu ziishe. Muulizie Mama Nyongeza, hata paka wa buchani atakuonyesha njia. Meza yake iko karibu na mlango wa nyuma, magunia yamepangwa kwa rangi: maharage mekundu, maharage ya njano, kunde, dengu, na mchele uliopepetwa mpaka unang'aa.

Jina hilo alipewa na mkono wake. Akishajaza kopo mpaka juu, akishalimimina kwenye mfuko wako, mkono unarudi wenyewe guniani, unachota konzi, unaongeza. Hata kama hujaomba. Hata kama umemuudhi. Husema kwamba kipimo bila nyongeza ni kama salamu ya mtu aliyenuna. Jirani yake wa meza, Mama Vitunguu, ambaye hata kitunguu kilichochipua hakupi bure, humwambia kila siku, "Shoga, wewe utakufa na konzi mkononi."

"Nikifa nayo, utapata ya kupikia wafiwa," naye humjibu.

Kwa kopo hilo amemlea binti yake wa pekee mpaka akasoma, akaajiriwa kiwanda cha mikate, akaolewa. Mcheshi, sauti nzito, mwili wa kutosha. Ungemwona ungesema huyu mtu hajui wasiwasi unafananaje.

Wasiwasi ulimkuta kwenye korido ya hospitali. Siku binti yake alipojifungua mambo hayakwenda sawa. Mtoto alitoka salama, lakini mama yake akatokwa na damu nyingi. Mama Nyongeza alibaki amesimama ukutani, amekumbatia beseni lenye shuka na nepi, akiwaona wauguzi wakiingia mbio na kutoka mbio, na hakuna hata mmoja aliyemwambia neno. Mungu si mtu, binti akapona. Mjukuu naye akanenepa, akafanya mikunjo mapajani kama mikono ya shati iliyokunjwa, akaanza kutoa amri kwa kelele, na bibi yake akamwita Bosi. Kila mtu alirudi nyumbani. Ile korido tu ndiyo haikutoka mwilini mwa bibi.

Ilianza kidogokidogo. Akisikia mtu anatembea haraka, kifua kinabana. Kisha siku moja binti alimpitia sokoni, akampa mtoto ampakate, akaenda kununua sabuni. Hakukuwa na jambo lolote. Mtoto anacheza na shanga shingoni mwa bibi, bibi anacheka. Mara moyo ukaanza kupiga kama mtu anayebisha mlango kwa fujo, vidole vikafa ganzi, jasho likamtoka, na soko lote likawa kama liko mbali. "Mama Vitunguu! Mchukue! Mchukue mtoto!" Mama Vitunguu alirukia ng'ambo ya meza na umri wake ule, akamdaka Bosi.

Tangu siku hiyo Mama Nyongeza hakumshika mjukuu wake pasipo na mtu wa kumpokea. Atambusu, atamwimbia, atamnunulia kofia. Kumbeba peke yake, hapana. Atasema mikono ina vumbi la mchele. Atasema goti.

Alikwenda kupimwa moyo. Muuguzi wa kliniki, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba, alimsikiliza kifua, akayatazama majibu yote ya vipimo, akavua miwani. "Mama, moyo wako mzima. Ungekuwa wa kuuza, ningeununua."

"Sasa Sista, kama ni mzima, mbona unataka kutoka?"

"Unajua wanavyosema, mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wewe uliumwa siku ile kwenye korido. Sasa mwili unaruka hata kwa ung'ongo, kile kipande cha ukuti tu. Huo ni wasiwasi, na wasiwasi una tiba yake."

Akampangia siku za kuja kuzungumza. Akamwelekeza pia kwenye programu moja ya simu, inayozungumza Kiswahili, inamfundisha mtu kupumua, kulegeza mabega, kuangalia mawazo yake yanakwenda wapi. "Ni fimbo ya kutembelea," alimwambia, "si badala ya miguu. Huku kwangu uje vilevile."

Binti aliipakua ile programu jioni hiyohiyo, kwenye simu ya mama yake yenye ufa kwenye pembe. Sauti ikatoka, ya mwanamke mtulivu asiye na haraka wala watoto: *Karibu. Kaa vizuri. Vuta pumzi, polepole. Sasa iachie, polepole.* Mama Nyongeza akamtazama binti yake.

"Huyu naye anaitwa nani?"

"Haitwi, mama. Ni programu."

"Mtu anazungumza na mimi chumbani kwangu halafu hana jina? Basi huyu ni Bi Polepole."

Asubuhi soko likiwa bado limetulia, kabla wateja hawajaanza, alimweka Bi Polepole juu ya gunia la dengu na kuanza. Mama Vitunguu hakuweza kunyamaza.

"Shoga, huyo anakwambia uvute pumzi. Kwani siku zote ulikuwa huvuti?"

"Nilikuwa navuta kienyeji."

"Na anakudai nini?"

"Hadai kitu. Kanishinda mimi kwa ukarimu, sembuse wewe."

Soko zima lilimzoea Bi Polepole. Kuna mwalimu mmoja wa shule, mteja wa mchele, alisimama kusubiri apimiwe, na bila kujijua akawa anavuta na kushusha pumzi pamoja na simu. Aliondoka ametulia, akausahau mchele wake juu ya meza.

Na kweli ilisaidia. Mama Nyongeza alianza kulala. Alianza tena kuimba akipepeta, nyimbo zake zile anazosahau maneno katikati na kujaza kwa mdundo wa mdomo. Mtu akipita mbio, kifua kilibana, kisha kikaachia. Mama Vitunguu aliona, na Mama Vitunguu ni mtu wa kuona. Hata sarafu ikianguka meza ya tano anajua ni ya nani.

Basi likizo ya uzazi ya binti ikawa inakaribia mwisho. Alikuja siku moja na Bosi mgongoni, akakaa juu ya kigoda, akazungukazunguka na maneno, mwishoni akayatua.

"Mama, kiwandani wananitaka mwezi ujao. Zamu ya asubuhi. Nikimaliza, saa nane mchana niko nyumbani. Nataka Bosi akae na wewe."

Mama Nyongeza aliendelea kuchambua maharage ambayo alikwisha kuyachambua. Hakuna kitu duniani alichokitaka kuliko hicho. Alikuwa amekiota tangu binti mwenyewe akiwa mdogo, kwamba siku moja atakuwa bibi wa kushinda na mjukuu, amjue harufu, amjue kilio cha njaa na kilio cha deko. Akavisikia vidole vyake vikifa ganzi.

"Tutaona," alisema.

Binti hakumsukuma. Alimjua mama yake. Lakini macho yake yalishuka kwenye miguu ya mtoto, akavuta soksi iliyokuwa imekaa vizuri tayari.

Ndipo Mama Nyongeza alipojiwekea sharti bila kumwambia mtu. Programu ile ilikuwa kila asubuhi inauliza: *Leo wasiwasi wako ni kiasi gani, kuanzia sifuri hadi kumi?* Unagusa namba, na namba zinajipanga kuwa mstari, kama njia ya mlimani. Akasema moyoni, mstari huu ukishuka, nitamchukua Bosi. Usiposhuka, sina haki ya kuchezea maisha ya mtoto wa watu, hata kama huyo mtu ni mwanangu.

Akafanya bidii kama mwanafunzi wa mtihani. Asubuhi pumzi, mchana mabega, jioni kutembea mpaka kwenye daraja na kurudi. Na kila asubuhi akaweka namba yake kwa uaminifu. Mstari haukushuka. Ulikaa juu kulekule, nane, tisa, nane, kama mbuzi aliyepanda mwamba na kukataa kuteremka.

Siku moja simu ikaandika maneno. Alimpa binti ayasome, maana miwani alikuwa ameisahau. Binti akasoma polepole: *Wasiwasi wako umekuwa juu kwa wiki kadhaa. Tafadhali zungumza na mhudumu wa afya.*

Mama Nyongeza alichukua simu, akaizima, akaiweka mfukoni.

"Mwanangu, tafuta msichana wa kazi."

"Mama, lakini mbona nakuona..."

"Unaniona kwa nje. Bi Polepole ananiona kwa ndani. Tafuta mtu."

Binti alifunga mtoto mgongoni. Alichukua muda mrefu kulifunga fundo. "Nitatafuta," alisema. "Ila simu imesema uende kliniki, na hatutangoja siku yako. Nitakupeleka mwenyewe."

Walikwenda. Muuguzi aliishika simu, akaupandisha mstari na kuushusha kwa kidole, akamtazama mwenye mstari. Huyo hapo kitini, uso umejaa, amekwisha kumchekesha mlinzi wa getini na mgonjwa mwenye mkono wa bendeji.

"Unalala, mama?"

"Nalala, Sista. Jana nimeamshwa na jogoo wa jirani, nikamtukana, nikalala tena."

"Unakula?"

"Hilo nalo unaniuliza mimi?"

"Ule moyo wa kubisha mlango?"

"Unakuja, lakini siku hizi hauingii. Unapiga hodi, unaona niko na shughuli, unapita."

Muuguzi akaweka simu mezani. "Sasa nieleze. Leo asubuhi umeweka nane. Ulipoamka ulihisi nini hasa?"

"Leo?" Mama Nyongeza akafikiri kwa haki. "Leo ilikuwa kama tano hivi. Nne na nusu. Nikaiongeza."

"Ukaiongeza nini?"

"Nyongeza."

Binti aliinama, mabega yakaanza kumtikisika. Muuguzi hakucheka, ingawa mdomo ulimpinda.

"Na jana?"

"Jana sita. Nikatia konzi, ikawa tisa. Sista, mimi sijawahi kutoa kipimo kikavu maisha yangu yote. Mtu kaniuliza kwa adabu, wasiwasi wako kiasi gani, halafu nimpe uleule tu, kama bahili?"

Hapo muuguzi alicheka, binti akacheka mpaka Bosi akaamka na kuwakodolea macho. Mama Nyongeza naye akacheka, kisha kicheko kikamkauka kabla ya wenzake. Akawa anaisokota pembe ya mtandio wake.

"Si hilo tu," alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Naogopa kusema kidogo. Nikisema tatu, nitakuwa nimejisifu. Siku ile sokoni nilikuwa nacheka, sikuwa na lolote, ndipo wasiwasi ukaja. Nikisema niko sawa, utanisikia, urudi."

Binti aliacha kucheka. Alikuwa hajawahi kuyasikia maneno hayo. Alidhani anamjua mama yake kama anavyojua mfuko wa nguo yake mwenyewe, kumbe kulikuwa na mfuko mwingine ndani.

Muuguzi alisogeza kiti. "Mama, wasiwasi hauna masikio. Hauji kwa sababu umesema uko sawa, wala hauachi kuja kwa sababu umeuogopa sana. Ungekuwa unazuilika kwa kuogopwa, ungeshahama kwako. Sasa niambie, wewe ukinunua gunia kwa wenye lori, unapimiwaje?"

"Mfuto. Unajaza, unafuta juu kwa ubao, sawasawa na mdomo. Hakuna kilima."

"Kwa nini?"

"Ili wote tujue tumebeba nini."

"Haya. Kwa wateja wako toa vilima upendavyo. Kwangu na kwa simu, mfuto. Siku ikiwa mbili, sema mbili. Ikiwa tisa, sema tisa, na uje hapa hata kama si siku yako. Simu ilifanya vizuri kukuleta, maana ilikuwa na habari ulizoipa tu."

"Basi ngoja nianze upya, mstari ukishuka ndipo..."

"Ndipo nini?"

Ikabidi aseme. Alilisema lile sharti lote, huku akimtazama muuguzi, maana kumtazama binti hakuweza. Binti alimsogezea Bosi, akampakatisha pale pale, na hakuondoa mkono wake.

"Mstari haumbebi mtoto," alisema muuguzi. "Ukisubiri wasiwasi uishe kabisa ndipo umshike, atakuwa ameota ndevu. Anza kidogo. Leo mshike, mama yake akiwa chumba cha pili. Kesho mama yake aende mpaka dukani. Moyo ukipiga, uache upige. Usimtupie mtu mtoto. Kaa chini, pumua, ngoja uone unakwisha wenyewe."

Wakafanya hivyo. Binti alikwenda chumba cha pili na kujifanya anakunja nguo. Alikwenda kwenye bomba. Alikwenda dukani, akarudi na kiberiti asichokihitaji. Viberiti vya ziada vikajaa nyumba. Mara nyingine Mama Nyongeza aliita, "Uko wapi wewe?" na binti akajibu, "Niko hapa mama, nakuja taratibu," na hakuja mbio.

Siku ya kazi ikafika. Mama Vitunguu alikubali kumshikia meza asubuhi, kwa sharti kwamba hatatoa nyongeza. "Nitapima kwa haki na si zaidi. Wateja wako wakilia, nitawauzia vitunguu, wapate sababu." Binti alivaa sare yake, akanyonyesha, akaaga mara nyingi, akasahau kitambulisho, akarudi, akaaga tena.

"Nenda," alisema mama yake. "Ukizidi kuaga atadhani unahama."

Mlango ukafungwa. Mwanzo ulikuwa mtamu. Bosi alicheza na mfuniko wa sufuria, akaogeshwa, akapakwa mafuta mpaka akateleza kama sabuni. Akanywa maziwa aliyoachiwa na mama yake, akacheua begani kwa bibi. Kisha, bila mtu kumkosea, akaanza kulia. Si njaa, amekula. Si nepi, kavu. Kilio kikapanda, uso ukawa mwekundu, na nje mtu akapita barazani kwa hatua za haraka.

Moyo ukaja. Haukupiga hodi safari hii, ulisukuma mlango. Vidole vikaanza ganzi ileile. Mama Nyongeza alitazama mlango, na hapakuwa na Mama Vitunguu wa kuruka meza. Akaketi chini kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, Bosi kifuani. Mtu aliyekaa sakafuni hana pa kuangukia, alijiambia. Kwa kidole kimoja akaiwasha simu.

*Karibu,* alisema Bi Polepole. *Kaa vizuri. Funga macho yako.*

"Nifunge macho na mtoto mkononi? Wewe mama, hujazaa wewe!"

*Vuta pumzi, polepole.*

Akavuta, macho wazi. *Sasa iachie.* Akaiachia, ndefu, kwa midomo iliyobana kama anapuliza chai. Pumzi ikaangukia usoni kwa Bosi. Mtoto akashtuka. Kilio kikakatika katikati, kope zikapepesa, mdomo ukabaki wazi. Akakumbuka kwamba alikuwa analia, akaanza tena. Bibi akavuta tena, akaiachia tena. Nywele laini za utosini zikalala chini kwa ule upepo, mtoto akanyamaza, akamtazama bibi yake kama mtu anayesubiri kuona mchezo una nini. Pumzi ya tatu akaisubiri. Ilipomfikia akakunja pua na kucheka, kicheko kile cha tumboni cha watoto, kinachowatikisa mpaka vidole vya miguu.

Moyo bado ulikuwa unapiga. Mama Nyongeza aliusikia wazi, ukigonga kifua cha mtoto. Akaitazama mikono yake. Ilikuwa na ganzi, ilikuwa inatetemeka kidogo, na ilikuwa imemshika mtoto barabara, mmoja chini ya makalio, mwingine nyuma ya kichwa, kama ilivyomshika mama wa Bosi miaka ile. Haikuwa imeomba ruhusa kwa moyo. Bi Polepole akamaliza maneno yake, akaaga, simu ikajizima. Wao wakaendelea kupuliziana mpaka moyo ukachoka ukarudi kwenye mwendo wake, na Bosi akalala palepale, mate yakichora ramani kwenye blauzi.

Binti alifika akihema, unga kwenye nyusi, sare imepinda. Alikuta mtoto amelala kitandani, na mama yake anafua nepi kwenye karai, anaimba wimbo wenye mashimo.

"Amelia?"

"Amelia. Mtoto asiyelia utamjuaje?"

"Na wewe?"

Mama Nyongeza alikamua nepi. Angeweza kusema hakuna kitu. "Moyo ulinijia."

Binti alishika ukingo wa mlango. "Halafu?"

"Halafu nini? Ulikuja, ukatukuta tuna kazi, ukaondoka."

Binti alikaa juu ya kizingiti, viatu bado mguuni. Akaanza kucheka na machozi yakamtoka humohumo. "Mama, mimi leo nimefunga mikate bila kubandika nembo, kreti nzima. Msimamizi ananiuliza, wewe akili yako iko wapi? Nikamwambia iko nyumbani, inanyonya."

"Wanasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Hawakusema kwamba kuna kazi ya kumwachia mtu mwana. Hiyo nayo ni kubwa. Umeifanya leo."

"Kesho je?"

"Kesho uniachie nguo nyingi zaidi. Hizi amezimaliza kabla ya adhuhuri, huyu ni mtu wa sherehe."

Chumbani kukasikika mguno, kisha sauti ya kuita, ile ya amri. Binti akainuka kwa haraka, kama mtu aliyevutwa na kamba. Akamwona mama yake naye anainuka, anafuta mikono yake kwenye sketi, hatafuti mtu wa kumpokea mtoto. Binti akarudi kizingitini, akakaa, akaanza kufungua kamba za viatu.